Tundu la Nyuma ya Kitanda cha Mama

Mimi sina subira, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba ninayo. Kwa hiyo kipupwe kilipoanza kukinyemelea kijiji chetu cha Kitanga mwaka huu, asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi, nilijua vita vyangu na panya vimefika. Mahindi yameshavunwa, maharage yameshang'olewa, shamba limebaki tupu na baridi. Panya naye ana akili zake. Anatafuta nyumba yenye joto na chakula, na mwaka huu nyumba hiyo ilikuwa yangu.

Kingekuwa chakula changu tu, ningevumilia. Lakini zilikuwa mbegu za kikundi: magunia manne ya maharage ya njano, mbegu za wanawake kumi na wanne, zimechambuliwa punje kwa punje zikisubiri mvua za Oktoba. Mwaka jana mtunza mbegu alikuwa Kuruthumu, mwenye duka pale barabarani. Fukusi wakaingia, tukabaki na vumbi. Kwenye mkutano nilisimama bila hata kunyoosha mkono, nikasema mwenye duka anajua kufunga kufuli, kutunza mbegu hajui. Watu walicheka. Kuruthumu hakucheka. Nikachaguliwa mimi, Vestina, Mama Venanti, na siku hiyo nilirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyeshinda udiwani.

Magunia niliyaweka kwenye chumba cha mama mkwe wangu, Epifania, kwa sababu ndicho chenye sakafu ya saruji na hakivuji. Mama hakukataa. Yeye hakatai kitu. Amekimbia vita Burundi mara mbili, mara ya kwanza mume wangu Fidele akiwa bado mchanga, akakaa kambi hii na ile ya wakimbizi, ya mwisho Nduta, na tangu aje kukaa kwetu hajawahi kuniambia chai imepoa hata ikiwa imepoa kweli.

Chumba kile kina kasoro moja. Chini ukutani, nyuma ya kitanda, Fidele aliacha tundu la kupitishia bomba la maji. Bomba hatujaliona mpaka leo. Tundu lenyewe si kubwa, ngumi inaingia kwa shida, lakini kwa panya hilo ni geti.

Nikaliziba kwa kitambaa nilichokichovya kwenye pilipili kichaa. Baada ya siku mbili nikakuta kinyesi cha panya juu ya gunia, na tundu liko wazi. Nikaziba kwa udongo niliouchanganya na chupa zilizosagwa. Wazi. Nikachukua gunzi, nikaliviringishia stilwaya ya kusugulia sufuria, nikaligongomea ndani kwa jiwe. Wazi! Nikaanza kuwaogopa wale panya.

"Hawa ni panya wa wapi wanaokula chupa?" nilimwuliza Fidele.

"Labda hukukandamiza vizuri," akasema, huku anaendelea kula.

Nilitamani kumkandamiza yeye. Nilimsumbua mpaka akachanganya saruji kidogo iliyobaki, akaziba kwa mkono wake jioni ileile. Asubuhi nikainama kuangalia, na mwanga wa nje ukanipiga machoni.

Mtego niliotega ulimkamata jogoo mguu. Sumu sikuthubutu, nyumba ina watoto. Nikaazima paka. Alifanya kazi siku moja tu, baridi ikamshinda, akahamia miguuni kwa Mama chini ya blanketi, na panya wakaendelea na shughuli zao bila wasiwasi. Kila asubuhi nilifagia punje zilizotafunwa huku natukana kimoyomoyo, na siku nyingine si kimoyomoyo. Mama alikuwa anakaa mlangoni anaota jua. "Pole, mwana wanje," ananiambia, yaani mwanangu, kwa Kirundi chake. Ile pole ilinikera kuliko panya wenyewe.

Wiki ya tatu Kuruthumu akaandika kwenye grupu letu la WhatsApp kwamba Jumamosi kamati itakuja kukagua mbegu. Mwishoni akaweka kale kauso kanakotabasamu.

Jumamosi nilidamka kutoa vitu chumbani nisafishe kabla hawajafika. Nilipoinua godoro la Mama nikalianike, nikaviona. Vilikuwa vimepangwa juu ya chaga za kitanda, upande wa ukutani, kimoja baada ya kingine kama nilivyoviweka: kitambaa cha pilipili, bonge la udongo na chupa zake, gunzi na stilwaya yake, na saruji ya Fidele katika vipande vitatu, iliyochokonolewa kabla haijakauka. Pembeni kulikuwa na kijiko. Kijiko changu, ambacho niliwagombeza watoto siku nzima kwamba wamekipoteza.

Nilivitia vyote kwenye ungo, nikatoka navyo mpaka mlangoni.

"Mama, hivi ni nini?"

Sikusema kwa sauti ya mtu anayeongea na mkwe wake. Nadhani hata nyumba ya tatu walinisikia. Mama akautazama ungo, halafu akanitazama mimi.

"Vizibo vyako. Sikuvitupa. Nilijua utavitaka tena."

"Mama! Yaani ni wewe unayewafungulia panya? Mbegu za watu hizi! Kuruthumu yuko njiani!"

"Oya, hapana, mwana wanje. Sikuwafungulia panya. Panya waliingia wenyewe. Mimi nafungua nisikie."

"Usikie nini?"

"Barabara. Watu wakija."

Nikaweka ungo chini. Paka alikuwa mapajani kwake, na Mama akaongea huku anamtazama paka.

"Kwetu, ile mara ya kwanza, ilikuwa mvua na baridi. Tulifunga kila mahali, tukaziba na nguo, nyumba ikapata joto. Hatukusikia kitu mpaka wakawa mlangoni. Nyuma kulikuwa na tundu la kutolea maji machafu. Nikamsukuma Fidele, akapita. Alikuwa na miezi minne. Mimi waliniacha wakidhani nimekufa." Akamkuna paka shingoni. "Nkunzimana alikuwa na miaka mitano. Mabega yalikataa."

Nimeolewa katika nyumba hii miaka kumi na moja. Jina la Nkunzimana nilikuwa sijawahi kulisikia.

"Fidele hajui," Mama akasema. "Anajua nilizaa mmoja. Usimwambie kwamba alipita peke yake. Ego?"

"Ego, Mama," nikamkubalia kwa Kirundi chake.

Niseme ukweli, hasira yangu haikuisha. Ilikosa tu mtu wa kumwangukia. Nilibaki nimesimama pale na kijiko mkononi, nataka kupiga kelele na sijui nimpigie nani.

Nikiwa bado pale, pikipiki zikaingia uani. Nilivua kanga begani nikafunika ungo. Kuruthumu alishuka na wenzake wawili wa kamati, wakamsalimia Mama kwa heshima zote, wakaingia chumbani. Sikuwa nimefagia. Sikuwa hata nimelirudisha godoro. Kinyesi kilikuwa palepale juu ya magunia, na gunia la ukutani lilikuwa limeliwa karibu nusu, punje zimemwagika zimebaki maganda. Matatu yalikuwa mazima ila yametobolewa pembeni.

Kuruthumu aliyatazama magunia. Alizunguka kitanda, akainama, akaona mwanga.

"Mama Venanti, tundu hili hukuliona jamani?"

"Nililiona."

"Ukaliacha?"

Kutoka pale nilipokuwa nilimwona Mama mgongo tu, mlangoni. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya paka. Sentensi moja ingenitoa katika aibu ile: ni Mama anayezibua. Lakini wangeuliza kwa nini, nami nikishaanza kusema huwa sijui kuishia katikati. Adhuhuri jibu lingekuwa dukani kwa Kuruthumu, na jioni lingekuwa pale kwenye bao ambapo Fidele hukaa na wenzake.

"Nilisahau," nikasema. "Nilisahau kuliziba."

Mimi, niliyesimama mbele ya watu bila kunyoosha mkono. Niliona uso unawaka mpaka masikioni.

"Haya. Kumbe hata mkulima anasahau," Kuruthumu akasema. Wala hakusema kwa ukali. Alikuwa ameisubiri siku ile mwaka mzima, na ningekuwa mimi ningesema mabaya zaidi. Akapiga picha tundu, akapiga picha magunia, na kabla hata bajaji ya mizigo haijafika simu yangu ilikuwa inalia ting, ting, ting, wanawake kumi na wanne wananisoma. Wakapakia mbegu, wakazipeleka stoo ya Kuruthumu. Mtunza mbegu sasa ni yeye, na safari hii amenunua dawa ya fukusi.

Fidele alirudi na simu mkononi.

"Ulisahau? Wewe? Si mimi mwenyewe nilitia saruji pale?"

"Saruji yako ilikuwa mbaya. Niliibomoa."

"Ukabomoa, halafu ukasahau?"

"Ndiyo."

"Basi una wazimu, Vestina."

"Labda."

Akaingia ndani akitingisha kichwa. Nilimwangalia mabega, mapana, yamejaa mlango, na nikameza kila neno nililokuwa nalo. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kulima.

Jumapili baada ya misa nikakumbuka kwamba nyuma ya jiko kuna kipande cha wavu wa chuma kilichobaki tulipoweka madirisha. Nikakikata kwa mkasi wa mabati, nikaingia chini ya kitanda kifudifudi, nikakipigilia misumari juu ya tundu. Panya hapiti. Sauti inapita. Kazi ya dakika kumi, ambayo ningeifanya wiki tatu nyuma na mbegu zingekaa kwangu mpaka Oktoba, kama kuna mtu katika nyumba hii angefungua mdomo. Nililia kidogo pale chini, kwa hasira, nyundo ikiwa mkononi.

Nilipotoka nikamwambia Mama ajaribu. Akajilaza, akaweka sikio. Pikipiki ilipita kule barabarani, akaifuata kwa macho ukutani mpaka ikapotea.

"Nasikia," akasema.

Halafu akatazama pale yalipokuwa magunia, kama vile ndiyo kwanza anaona kwamba hayapo.

"Mbegu zimekwenda wapi?"

"Kwa Kuruthumu, Mama. Stoo yake."

"Stoo yake ina tundu?"

"Haina. Ni saruji chini mpaka juu, na mlango mmoja wa chuma."

"Na yeye analala nyumba hiyohiyo?"

"Chumba cha pili yake."

Mama akakaa kitandani taratibu, akajifunika blanketi mabegani.

"Yoo, maskini," akasema. "Mwambie aache hata katundu kadogo."