Daraja la Kuhama

Daraja la chuma la Mtaa wa Juu lilijengwa na baba yake Cheche, enzi ambazo ulimi wa barafu ya mlimani ulikuwa bado unafika karibu na nyumba za mwisho. Watoto walikwenda kuugusa baada ya shule, wakarudi na vidole vyekundu. Maji yaliyeyuka chini yake yakatoka kwa mkondo mmoja, ya kijivu kama uji wa majivu, yakapita darajani, yakaenda zake. Baba alichomelea kila kiungo mara mbili. Alisema daraja hilo litatuzika sote.

Kuhusu daraja alisema kweli. Mto ndio uliomsaliti.

Barafu ilirudi nyuma mwaka hata mwaka, ikapanda bonde na kuacha malundo ya mawe, mchanga, na ziwa nyuma ya tuta. Kisha ziwa likapata mlango mwingine wa kutokea, na mto ukahama. Kati ya mji na Mtaa wa Juu kuna uwanda mpana wa changarawe. Zamani mto ulipita ukingo wa huku, upande wa mjini. Sasa ukahamia ukingo wa kule, ukawa unakwangua nyua za watu. Daraja likabaki limesimama juu ya mawe makavu. Vijana walipiga picha chini yake. Wenye ndimi kali waliliita kitanda cha mbuzi.

Watu wa Mtaa wa Juu walijifunza kuvuka kwa miguu asubuhi, maana maji ya barafu hupungua kwa baridi ya usiku na kujaa jua likishapanda. Aliyechelewa alilala kwa ndugu mjini. Shangazi yake Cheche, mshonaji wa sare za shule, alifunga kamba kutoka dirishani kwake hadi kwenye mti wa ng'ambo, akawa anatuma sare kwa ndoo. Ndoo ilikwenda na suruali ikarudi na uzi, vifungo, na mara nyingine na maneno makali ya walimu.

Cheche mwenyewe alirithi karakana ya baba, nyuma ya soko. Jina lake halisi alilijua mama yake tu. Wengine walimwita hivyo kwa sababu ya cheche za kuchomelea, na kwa sababu ya ulimi.

Siku moja kaka yake, mhandisi wa ofisi ya barabara, aliingia karakanani na viatu vyake safi, akasimama mbali na grinda ya kukatia chuma.

"Nimekuja kabla hujasikia kwa watu," alisema. "Mtaa wa Juu unafungwa. Kabla ya majira ya joto kila familia itahamishiwa nyumba mpya, nyuma ya stendi."

Cheche alivua miwani. "Na Shangazi?"

"Shangazi kwanza. Yuko ukingoni kabisa."

"Umemwambia?"

"Nilidhani wewe ungemwambia."

"Aa, kaka yangu. Amri utie sahihi wewe, matusi nikale mimi?"

Hakucheka. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kugombana naye. Alikuwa amewahi kumtoa majini mtu aliyekwisha kufa, na tangu siku hiyo aliuchukia ule mto kama adui aliyemjua kwa jina.

"Dada, mto huo hautulii," alisema. "Leo uko hapa, kesho uko pale. Nikijenga daraja, mwakani utanikimbia tena. Siwezi kujenga juu ya kitu kinachotembea."

"Basi usijenge. Lakini usifunge."

"Nimeshafunga," alijibu, akatoka.

Juu ya karakana alipanga mtaalamu wa barafu, mwanamke mrefu aliyepanda mlimani kila wiki kupima na kurudi na soksi zilizolowa, akizianika kwenye bomba la jiko la Cheche. Siku iliyofuata Cheche alimfuata huko mlimani. Alitaka kuona kwa macho yake kitu kinachomtimua shangazi yake.

Walianza kwenye miti iliyowapita kwa urefu, penye udongo mweusi. Mbele kidogo miti ikawa vichaka vya kufika kiunoni. Vichaka vikawa majani, majani yakawa ukoga wa kijani uliong'ang'ania mawe, kisha yakabaki mawe matupu, yamelegea, yakiteleza chini ya mguu. Mwisho wa yote ilikuwa barafu yenyewe, chafu, inadondoka.

"Haya yote yalikuwa chini ya barafu," mtaalamu alisema. "Kadiri unavyopanda ndivyo ardhi inavyozidi kuwa changa. Hii tunayosimama imezaliwa juzi. Haina mizizi ya kuishika, kwa hiyo mto unaichezea utakavyo. Ikishaota miti kama kule chini, mto utashika adabu."

"Muda gani?"

"Mrefu kuliko utumishi wa kaka yako."

"Na ziwa? Kaka anaogopa litapasuka lituzoe sote."

"Lilipozuiwa na tuta la mawe legelege, hata mimi niliogopa. Sasa linatokea juu ya mwamba. Mwamba hauporomoki hivi hivi. Nimemweleza. Sitakuambia hakuna hatari. Mto utahama tena, na mtu mzembe utamchukua. Lakini sioni sababu ya kuua mtaa."

Cheche alikaa juu ya jiwe akayatazama yale mawe, ambayo yangekuja kuwa udongo bila yeye kuwapo. Pale pale akapata wazo, na likamkasirisha kwa wepesi wake. Kama mto unahama, kwa nini daraja liwe na mizizi?

Alianza kwa kukata. Alipanda daraja la baba na grinda, akagusa kiungo cha kwanza, akashindwa. Kile chuma kilikuwa na alama za mkono wa mzee, mshono mnene wenye mawimbi madogo yaliyolingana. Alikaa juu ya mbao mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akashusha miwani.

"Nisamehe, baba," alisema, "lakini umelifunga mno."

Alilikata vipande vya kubebwa na watu wanne. Palipokuwa na mshono akatoboa matundu ya bolti. Miguu akaitengenezea masanduku ya waya ya kujazwa mawe, na mawe, alisema, hayajawahi kutupungukia. Watu wa Mtaa wa Juu walivuka alfajiri kuja kubeba. Mwalimu alibeba, muuza mkaa alibeba, na waliolitania daraja walibeba huku wakiendelea kulitania.

Kaka alifika walipokuwa wanafunga kipande cha mwisho juu ya mkondo mpya. Alikuja na askari wawili na tingatinga la ofisi.

"Hilo daraja ni mali ya umma," alisema.

"Umma ndio huu umelishika," Cheche alijibu, spana mkononi. "Waulize."

Hakuna aliyeweka kipande chini. Ng'ambo, mlango ukafunguliwa. Shangazi akatoka na kiti chake cha cherehani, akakiweka juu ya mbao za kwanza, akakaa, akaanza kupindia suruali kwa mkono.

"Shangazi, tafadhali toka hapo," mhandisi aliita. "Mto huu unaua."

"Najua unaua. Ndiyo maana nataka daraja."

"Nyumba mpya ina maji ya bomba, ina umeme."

"Mpe mwenye kuitaka. Mimi nimemzika mume wangu huku na nimezaa huku. Barafu imeondoka, mto umeondoka, na wewe uliondoka ulipopata kazi. Mtu mmoja lazima abaki."

Askari mmoja alikohoa ili asicheke. Kaka alitazama maji, akamtazama shangazi aliyemlea, akalitazama tingatinga. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu maiti ambao hawajafa bado.

"Mtu akifa hapa," alimwambia Cheche kwa sauti ya chini, "nitakuja kwako kwanza."

"Njoo. Lakini wakifa kwa kuvuka bila daraja, nitakuja mimi kwako."

Aliondoka na tingatinga lake. Amri haikufutwa. Ilibaki imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi, ikapauka kwa jua, na nyumba mpya zikapata wapangaji wengine. Familia chache za Mtaa wa Juu zilihama kwa hiari, na hakuna aliyezisema vibaya. Waliobaki waliotesha vichaka ukingoni ili mizizi ishike ardhi, kama mtaalamu alivyomweleza Cheche kule mlimani. Vingi vilisombwa. Wakaotesha tena.

Katikati ya majira ya joto mto ulifanya kama ulivyotabiriwa. Ulichimba chini ya sanduku moja la mawe, ukajivuta kando, ukafungua mkondo mwingine karibu na ghala moja la zamani. Asubuhi, maji yalipopungua, watu walitoka na spana bila kuitwa. Walifungua bolti, wakabeba vipande, wakavilaza kwenye mkondo mpya. Ilikuwa kazi ngumu na mikono ilikufa ganzi, na mtu mmoja alipondwa kidole. Lakini hakuna aliyesema tuache.

Cheche alikuwa amelala chali chini ya kipande cha kati, anakaza nati, alipoona viatu vikisimama karibu na kichwa chake. Havikuwa safi.

"Mguu wa kushoto uko chini kuliko wa kulia," kaka yake alisema. Alikuwa na pima maji ya kupimia usawa mkononi.

"Amri inasemaje kuhusu hilo?"

"Sijui. Mimi leo niko likizo."

"Basi shika huku, wa likizo. Na ukilegeza mkono nitakutukana."

Alipiga magoti kwenye matope, akashika chuma cha baba yao kwa mikono miwili, na Cheche akaendelea kukaza.