Wa Mwisho Nyuma ya Lori

Audace hakwenda Italia kuendesha baiskeli. Alikwenda na klabu ya baiskeli ya binti yake ili akae kwenye gari, tena gari ambalo hakuna mtu aliyetaka kulipanda. Wanaklabu wenyewe waliliita gari la kuzoa. Kazi yake ni kutambaa nyuma ya waendesha baiskeli, na yeyote aliyeishiwa pumzi anapakiwa humo yeye na baiskeli yake, wenzake wakimcheka mpaka chakula cha jioni. Keza, binti yake, alikuwa ameapa tangu asubuhi wakinywa chai: "Papa, kwenye hilo gari hutaniona. I'd rather walk."

Na Keza akishasema, amesema. Ukaidi huo hakuuokota njiani. Perpétue, mke wa Audace, alizoea kumwambia mumewe kwamba akitaka kujua mtoto kakitoa wapi kichwa kigumu, ajitazame kwenye kioo.

Klabu yao ilikuwa ya Houston, watu wa maofisini na mahospitalini, na Keza alijiunga nayo alipohamia Katy, pembeni mwa Houston, kufanya kazi ya maabara. Sasa Houston yenyewe haina hata kichuguu. Ili wajizoeze milima, walikuwa wakipanda majengo ya kuegesha magari, ghorofa hadi ghorofa, wakizunguka mpaka wanatokea juani, kisha wanashuka huku mlinzi akiwafokea. Keza alikuwa akimpigia baba yake simu nyumbani kwao Lewisville, huko huko Texas, kumwelezea. "Papa, leo nime-climb garage mpaka miguu inatetemeka." Audace, ambaye hapo ametoka zamu ya ghalani na hata viatu hajavua, alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Mlima wa zege, wenye kivuli na mashine ya soda!

Maana yeye milima aliijua. Ujana wake wote aliumalizia Burundi, akisafirisha ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama hadi Bujumbura. Wakati wa kushuka, mikungu ilifungwa mpaka baiskeli haionekani. Wakati wa kurudi hakuna aliyehangaika na pedali: walishika lori kwa mkono mmoja, vijana wanne watano nyuma ya lori moja, likawavuta mpaka juu huku wakipiga soga. Keza amelelewa na hadithi hiyo. Walipofika Texas, yeye bado msichana mdogo, walikuwa na mchezo wao pale wanakoegesha magari kwenye apatimenti: Audace anakimbia mbele, Keza yuko kwenye kibaiskeli chake, kamshika baba mkanda wa suruali. Audace akitia vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi, Keza anaachia papo hapo. Akichelewa, mchezo umekwisha, ndani akaoge.

Kwa nini mluzi, mtoto hakuuliza, na baba hakusema. Alimpa binti yake nusu tamu ya hadithi, ile nyingine akaimeza.

Huko Italia, barabara ya Roccafosca ilikuwa inapanda kwa kona kali kati ya mizabibu na mizeituni. Kijiji chenyewe kilikuwa juu kabisa, nyumba za mawe za zamani za wafalme na mapanga, zimebanana ndani ya ukuta mnene. Barabara ilipita chini ya ukuta huo, ikakunja kulia kwa ghafla, kisha ikaporomokea upande wa pili. Wenzake Keza walishapotea mbele. Yeye alibaki peke yake, mabega yanayumba, kila mzunguko wa pedali anauomba kwa nguvu.

Kwenye usukani wa gari la kuzoa alikuwapo Kimutai, Mkenya wa klabu hiyo hiyo, ambaye goti lilimharibikia wiki ya safari.

"Mzee, huyu amechoka kabisa," alisema. "Na kona mbaya ndiyo ile ya juu. Tumchukue?"

"Mwambie wewe, kama unataka kutukanwa."

Nyuma yao likatokea lori refu la magogo, linanguruma kwa gia ndogo. Kimutai akasogea pembeni kulipisha. Lori likawapita polepole, kisha likaanza kumpita Keza naye, taratibu, magogo yakiwa kimo cha nyumba na mnyororo ukining'inia kwenye pembe ya nyuma.

Keza aligeuza shingo. Hakulitazama lori, alilitazama gari la kuzoa. Kisha mkono wake wa kushoto ukanyooka, ukaushika ule mnyororo.

Baiskeli ikavutwa, ikanyooka. Miguu yake ikatulia. Akageuka tena akamwona baba yake nyuma ya kioo cha mbele cha gari, akatabasamu kwa meno yote. Unaona, Papa? Ndivyo tabasamu lile lilivyosema. Kama wewe!

"Aki huyu msichana!" Kimutai alicheka. "Sasa hiyo si ni cheating?"

Audace hakucheka. Aliyajua malori kuliko alivyowajua majirani zake. Lori likiwa linapanda ni mnyonge, linavuta kama punda, unaweza hata kuzungumza na dereva. Likikaribia kilele, dereva anabadili gia, na mnyonge yule anageuka. Na lori refu likikunja kona, mkia wake haufuati njia ya kichwa. Unakata kwa ndani. Kona ilikuwa ya kulia, Keza alikuwa upande wa kulia, na kulia kwa Keza kulikuwa na ukuta.

"Piga honi."

Kimutai akapiga. Keza akatikisa kichwa kwa furaha, akidhani anashangiliwa.

"Mpite! Pita mbele umzuie!"

"Nitapita wapi, Mzee? Si unaona road?"

Kweli, hapakuwa na pa kupita. Audace alitoa kichwa nje ya dirisha akapaza sauti mpaka koo likamwuma. "Achia! Keza, achia!" Injini ya lori ikaimeza sauti yote. Keza hakugeuka tena. Alikuwa anatazama mbele, anakaribia juu, na bila shaka alishaanza kujiona ameketi na wenzake uwanjani mwa kijiji akinywa kahawa.

Audace akatia vidole mdomoni akapuliza. Pakatoka mate na upepo. Akapuliza tena, kitu kikachezacheza ndani. Meno! Meno ya bandia ya juu, aliyotengenezewa mjini Garland, ambayo kabla ya kuyapata hakuwa anacheka mbele za watu. Hata Perpétue aliuona mdomo mtupu wa mumewe kwa bahati tu, usiku, taa ikisahauliwa. Sasa aliyang'oa mbele ya Kimutai, akayatupia kwenye mfuko wa shati, akakunja midomo juu ya ufizi na kupuliza kwa pumzi zote alizobakiwa nazo.

Mluzi ukatoka. Ulikuwa mkali, wa kupasua, ule ule wa apatimenti za Lewisville.

Mkono wa Keza ukaachia kabla kichwa chake hakijafikiri. Baiskeli ikayumba, ikapoteza mwendo, akashusha mguu akasimama. Lori likabadili gia, likanguruma, likaruka mbele na kukunja kulia. Mkia wake ukaingia kwa ndani mpaka kwenye ukuta. Magogo yakakwaruza jiwe, mnyororo ukapiga kwaa, na vumbi jeupe likamwagika pale ambapo hata mbuzi asingepata nafasi ya kusimama. Kisha lori likashuka upande wa pili na kwenda zake. Dereva wake hakujua lolote.

Kimutai akazima gari katikati ya barabara.

"Papa, why?" Keza alikuwa ametupa baiskeli chini, machozi ya hasira yanamlenga. "Nilikuwa nimefika! Mita chache tu! Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha!"

Audace alishuka akamwendea. Alinyoosha kidole tu. Kwenye ukuta palikuwa na mchubuko mpya, mweupe, mrefu, kimo cha bega la Keza.

Keza aliutazama. Akautazama tena. Halafu akamtazama baba yake, na hapo ndipo alipoona mdomo wake.

"Papa, meno yako..."

"Mluzi ule haukuwa wa mchezo," Audace alisema, maneno yakimtoka kwa kuteleza. "Nyuma ya lori tulikuwa na utaratibu. Mkubwa wetu anashika wa mwisho kabisa, pembeni, ili aone kona inayokuja. Akipiga mluzi, sote tunaachia. Mkubwa wetu alikuwa Élysée."

"Baba mkubwa Élysée? Si uliniambia aliugua akafa?"

"Nilikuambia hivyo, ndiyo. Siku ile alipiga mluzi. Niliachia mimi, wakaachia wenzangu wote, hakuna aliyechubuka hata kidole."

Upepo ulikuwa unavuma kutoka bondeni, na kengele ya kijiji ikagonga, ikanyamaza.

"Na yeye?"

"Ukipiga mluzi unahitaji mkono, mwanangu. Mkono mmoja ulikuwa kwenye lori. Wa pili ulikuwa mdomoni." Audace alifuta macho kwa kiganja. "Usukani wa baiskeli haukuwa na mtu."

Keza alimkumbatia pale pale barabarani, na jasho lake, na kofia yake ngumu ikimgonga baba kwenye shavu. Walikaa hivyo kwa muda mrefu, na Kimutai, mtu mwenye adabu zake, akajifanya anakagua matairi.

Kisha Keza akaiokota baiskeli. Aliisukuma kwa miguu mpaka akaipita ile kona, kiganja chake kikipapasa ukuta. Upande wa pili barabara ilikuwa inateremka mpaka isikoonekana. Akapanda, akakaza mkanda wa kofia.

"Papa, kaa nyuma yangu."

"Nipo."

Gari likaanza kushuka polepole nyuma yake. Baada ya kona ya kwanza Kimutai akakohoa kidogo, akasema kwa upole, "Mzee, hayo meno yataanguka. Si uvae tu?"

"Yaache kwanza," alisema Audace, na vidole viwili akavirudisha mdomoni.