Alivyovalishwa Bwana Mizani

Kulikuwa na fundi mmoja wa mizani aliyefikisha miaka hamsini na tisa bila kujua saizi ya shati lake. Utotoni alinunuliwa nguo na mama yake, baadaye na mke wake, na mke alipofariki kazi hiyo ikachukuliwa na binti yake. Yeye alichojua ni kunyoosha mikono na kuingiza.

Kazini walimwita Mizani. Kila asubuhi alibeba sanduku la mawe yake ya shaba, akazunguka maghalani, viwandani na kwenye zahanati, kuhakikisha kwamba kilo ni kilo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu walimwamini. Akisema mizani yako inaiba, hata mwenye duka mkorofi alinyamaza.

Mwaka wa sita wa ujane wake aliitwa kwenye kliniki ya watoto wachanga. Mizani yao ilikuwa inapunguza gramu mia mbili, na kina mama wawili walikuwa wameshalia bure wakidhani watoto wao wamekonda. Muuguzi Mkuu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alisimama juu yake muda wote akimwangalia anavyofungua skrubu.

"Fundi, nawe unanong'ona na mashine?"

"Ukiipigia kelele haisikii."

Muuguzi akacheka, na Mizani akadondosha skrubu. Waliitafuta pamoja chini ya meza, wamepiga magoti kama watoto. Kuanzia siku hiyo mizani ya kliniki ile ikawa inahitaji ukaguzi mara nyingi kuliko mizani yoyote mjini. Mwezi wa nne wa kaguzi hizo, Muuguzi ndiye aliyesema: "Sasa wewe, tutaendelea kukutana juu ya mizani mpaka lini? Jumamosi saa kumi nitakuwa kwenye mgahawa ulio mkabala na posta. Ukija, njoo. Usipokuja, nitakunywa chai yangu."

Mizani alirudi karakanani masikio yanamwaka. Mwenzake wa meza ya pili, jamaa waliyemwita Kipara, aliigundua siri yake ndani ya dakika tano.

"Utavaa nini?" Kipara akauliza.

"Nguo."

"Nguo gani? Sikiliza, kaka. Mtu mzima akienda kukutana na mwanamke mara ya kwanza, akivaa kizee anaonekana amekuja kuaga, akivaa kiujana anaonekana ameiba. Tafuta katikati."

"Katikati iko wapi?"

"Hilo sijui. Mimi nilioa nikiwa na suruali moja."

Lakini Mizani hakuwa na hofu, kwa sababu nyumbani alikuwa na mtaalamu. Binti yake, mwenye miaka thelathini na mmoja, alikuwa muuzaji katika duka la nguo za kiume. Mabwana harusi walipanga foleni wavalishwe na yeye. Angekutazama mara moja tu ukiingia, akajua shingo yako ni inchi ngapi na kama umegombana na mkeo. Na alikuwa na upole wa kazi: kila baada ya maneno matatu alisema "samahani baba yangu", "samahani mama yangu", hata kama hajakukosea chochote.

Alhamisi, baada ya chakula, Mizani alimweleza yote. Alieleza mpaka yasiyoulizwa: kwamba Muuguzi aliwahi kuolewa, na mumewe alikuwa na mke mwingine mji wa pili, akajua baada ya miaka kumi na moja. "Ndiyo maana anaogopa," Mizani akasema. "Kwa hiyo nataka aone kwamba mimi si mtu wa kujificha."

Binti alikuwa anafuta meza. Alifuta mahali pamoja kwa muda mrefu.

"Sawa, Baba. Niachie mimi."

"Na uniandikie namba yake vizuri kwenye simu. Herufi zile ndogo sizioni."

Binti akaichukua simu, akaandika.

Jumamosi saa nane mchana alimtandikia nguo kitandani. Shati jeupe lenye mistari myembamba ya bluu, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata. Suruali ya kijivu. Sweta jekundu la damu ya mzee lisilo na mikono. Viatu vyeusi vya kamba. Na leso nyeupe, ile ambayo marehemu mke wa Mizani alitarizi herufi mbili pembeni, yake na ya mumewe.

"Leso hii?" Mizani akasita.

"Ikae mfuko wa shati, herufi zionekane kidogo. Na hii pia." Akafungua kiganja. Ilikuwa pete ya ndoa ya Mizani, aliyoivua mwaka uliopita na kuiweka kwenye kabati.

"Mwanangu, pete tena? Nakwenda kukutana na mwanamke mwingine."

"Baba, wewe si kijana. Mwanamke mtu mzima anamheshimu mwanamume asiyemficha marehemu wake. Ukienda kidole kitupu, na alama ya pete bado ipo, si ataona unaficha kitu? Umesema mwenyewe hutaki kujificha."

Mizani alimtazama mwanawe. Alidhani binti anamruhusu aende, na kwamba mama mtu naye, kwa njia ya leso ile, anamruhusu. Akatoa mkono. Binti akamvisha pete, akamrekebisha kola, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama kama anavyowatazama mabwana harusi. Halafu akageuka haraka kwenda jikoni. Mizani akadhani ni machozi ya furaha.

Muuguzi alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa meza ya dirishani, gauni la kijani, miwani bila kamba. Mizani alipoingia mlangoni akitabasamu, Muuguzi hakutabasamu. Alimwangalia kuanzia viatu kupanda juu, polepole, kama mtu anayesoma orodha. Macho yalipofika kwenye leso yakasimama. Yalipoteremka kwenye kidole, akavua miwani akaiweka mezani.

"Kaa," akasema.

Mizani akakaa. Mhudumu alikuja, Muuguzi akamwambia asubiri.

"Nani amekupigia pasi shati hilo?"

"Binti yangu."

"Na leso?"

"Ilitariziwa na mke wangu. Marehemu."

"Marehemu." Muuguzi alilirudia neno kama anayeonja maziwa yaliyochacha. "Jana nilipigiwa simu. Mtu ambaye simjui. Akaniambia mke wako yuko hai, amelala kitandani mwaka wa tatu huu, hawezi kutembea ila mikono yake bado inafanya kazi. Akaniambia wewe unapita kwenye makliniki ukijiita mjane. Sikumwamini. Nikamwambia leta ushahidi. Akasema: atakuja amevaa shati jeupe la mistari ya bluu, sweta jekundu, pete kidoleni, na leso yenye herufi mbili. Mkewe ndiye anayemvalisha hivyo kila akitoka. Ukitaka kuhakikisha, angalia."

Mizani aliitazama pete kidoleni.

"Nimekaa hapa tangu saa tisa na nusu," Muuguzi aliendelea, na sauti ikaanza kumponyoka. "Nikiomba uje umevaa kitu kingine chochote. Ungekuja umejifunga taulo ningefurahi, wallahi."

"Sauti yake ilikuwaje?" Mizani akauliza. Alikuwa anajua, lakini mtu anayezama hushika hata maji.

"Ya mwanamke. Mpole sana. Kila baada ya maneno matatu ananiambia samahani mama yangu."

Mizani alihisi baridi ikimwingia kwenye kucha. Akauona mchana mzima upya: pasi ikipita mara mbili kwenye mkono uleule, vidole vya mwanawe vikimvisha pete. Alikuwa amesimama pale mikono imenyooshwa, mtu mzima mwenye mvi, anavikwa ushahidi wa kumfunga mwenyewe. Na zile siri za Muuguzi, mume, mji wa pili, miaka kumi na moja, ni yeye mwenyewe aliyempelekea binti mezani kama chakula.

"Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita," akasema. "Aliyekupigia namjua."

"Ni nani?"

Swali lilikuwa jepesi, la neno moja. Mizani alifungua mdomo. Akamwona mwanawe akiwa na miaka mitano, akiwa na miaka ishirini na nne, akimgeuza mama yake kitandani asitoke vidonda. Angemtaja, mwanamke huyu angemjua mtoto wake kwa jambo hili moja, milele. Akaufunga mdomo.

"Ni nani, nimekuuliza?"

"Siwezi kusema."

Muuguzi alichukua miwani yake. "Mume wangu naye alisema hivyohivyo," akasema, akainuka. Pale mlangoni alisimama kidogo, kama aliyempa nafasi ya mwisho. Mizani alibaki anaangalia kitambaa cha meza. Mlango ukajifunga. Mhudumu akaja kuuliza kama sasa wako tayari kuagiza.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Binti alikuwa sebuleni anakunja nguo, na aliposikia kitasa alisimama. Mizani alivua sweta, akavua shati, akayatupa kochini, akabaki na fulana.

"Ulimpigia ukiwa wapi?"

Binti hakukana. Hilo angalau. "Dukani. Nyuma, kwenye chumba cha kupimia nguo."

"Ulimfufua mama yako, ukamlaza tena kitandani, ili unichafue mimi?"

"Baba..."

"Ungeniambia sitaki! Neno moja tu. Ungesema Baba sitaki, ningekaa. Si unanijua? Ningekaa!"

"Ndiyo! Ungekaa, na ungenichukia taratibu!" Binti akasema. "Wewe unakumbuka yule mwalimu?"

Mizani aliukumbuka uso tu: kijana mrefu, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akija Jumapili na kunywa chai nyingi. Kisha akaacha kuja.

"Alitaka kunioa. Mama alikuwa amezikwa miezi mitano. Alihamishwa kikazi, akasema twende. Nikamwambia siwezi kumwacha Baba, hajui hata kupasha chakula. Akasubiri mwaka mzima, akachoka, akaoa. Hukuwahi kuuliza kwa nini haji tena. Hata siku moja! Miaka mitano nakupikia, nakufulia, nakununulia soksi, nikijiambia Baba ananihitaji. Halafu unakuja Alhamisi, umechangamka kama mtoto, unaniambia nikuvalishe ukatafute mtu mwingine wa kukutunza. Na mimi je? Mimi nilibaki kwa ajili ya nini?"

Mizani alikaa juu ya zile nguo alizozitupa.

"Hukuniambia," akasema mwishowe.

"Hukuuliza."

Hapo kulikuwa na ukweli, na ulimuuma. Lakini haukuufuta ule mwingine. Maana yeye alimkosea mwanawe kwa kutoangalia, ila mwanawe alimtazama vizuri, akampima inchi kwa inchi, ndipo akamkata. Alichosema ni: "Jumatatu utakwenda kliniki. Utamwambia kila kitu, kwa mdomo wako."

Binti alikwenda. Aliomba ruhusa dukani, akapanga foleni na kina mama wenye watoto migongoni, na zamu yake ilipofika akasema ukweli wote mbele ya Muuguzi Mkuu bila kujipunguzia. Alirudi macho yamevimba. Aliyoambiwa huko hakusema, na Mizani hakumlazimisha.

Siku ya tatu, saa za jioni, simu ikalia. Mizani aliipokea barazani.

"Binti yako alikuja," Muuguzi akasema.

"Najua."

"Nimemwamini. Nimelia naye hata. Pole sana, fundi. Nilikudhania mabaya."

"Ulikuwa na haki."

"Lakini nataka kukuuliza. Pale mezani, kwa nini hukusema? Ulinijua nilivyoumizwa. Uliona nimesimama mlangoni. Neno moja lingeniokoa."

"Ni mwanangu."

Muuguzi alivuta pumzi. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia, mlango ukafungwa, kilio kikafifia.

"Ndiyo. Na mzazi mzuri angefanya hivyo, kwa hiyo sikulaumu. Ila nimekaa na jambo hili usiku tatu. Siku nikija kwako, na yeye akasema hivi na mimi nikasema vile, utanyamaza tena. Mimi nimeshaishi na mwanamume wa kunyamaza. Siwezi mara ya pili, hata akiwa mwema."

Mizani alitaka kusema kwamba si hivyo, kwamba angejifunza. Lakini alikuwa mtu wa vipimo, na hakuwa amewahi maishani kumwambia mtu uzito asioujua.

"Nimekuelewa," akasema.

"Uzima, fundi."

"Uzima."

Alikaa barazani mpaka taa za barabarani zikawaka. Ndipo binti akatoka, akasimama karibu na mlango, mikono ameifumbata kifuani. Hakuthubutu kukaa.

"Amesemaje?"

"Amesema ulisema ukweli."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Binti alianza kulia bila sauti. Mizani alimsikia. Siku nyingine yoyote angekuwa ameshainuka kumshika bega, na mkono wenyewe ulianza kunyanyuka, kwa mazoea. Aliurudisha gotini.

"Nitakusamehe," akamwambia, akiangalia barabara. "Najua nitakusamehe, maana wewe ni wangu na mimi pia nina langu la kujibu. Lakini si leo. Leo ingia ndani, uniache."