Jina Lililochapwa kwenye Ramani

Yangdzom alikuwa akisugua sufuria ya uji wa shayiri kwa majivu, katika hema la jikoni chini ya mlima, mumewe alipoingia na kuketi juu ya gunia la mavi makavu ya yaki, ng'ombe wa milimani, ya kuwashia moto. Alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita. Yangdzom akammiminia chai ya siagi.

"Wameniita tena," alisema mumewe. "Leo tu mara nne."

Kwa watu wa huku, marehemu hatajwi jina. Ukimtaja anageuka nyuma, na safari yake ya kuzaliwa upya inakwama. Yangdzom hakuwa amelitamka jina lile tangu aletewe habari, na hapa pia halitatamkwa. Lakini pale juu alipoganda akafa, na mwili wake ungali pale kando ya mwamba, njia inakata kushoto, na wapanda mlima walitaka pawe na jina. Wakapaita jina lake. Basi kila msimu wa kupanda redio humtaja kutwa nzima, naye kila akitajwa hushuka, amechoka hoi, kisha hupanda tena.

Mara mbili Yangdzom alimwendea mkuu wa kambi, akamwomba mwili ushushwe uachiwe tumbusi kama ilivyo desturi, au walau jina lifutwe. Mkuu alikuwa mtu mpole. Alimpa kiti, akamweleza kwamba kushusha maiti ni kuwahatarisha walio hai, na jina limeshachapwa kwenye ramani. Tena ni heshima kubwa, akasema. Yangdzom alishukuru kwa kile kiti. Heshima ya namna hiyo humchosha mtu kuliko mzigo.

Mwaka huu mwanawe, Tsewang, alipata kazi ya kubeba mitungi ya oksijeni. Mama alimwapisha asimtaje baba yake hata mara moja, naye akaapa.

Sasa redio ya jikoni ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Tsewang, ikisema upepo umekata kamba yake na mguu haukanyagiki. Mkuu akamuuliza redioni yuko wapi.

"Kwenye mwamba."

"Mwamba gani? Huko juu miamba imejaa tele."

"Ule wa kukata kushoto."

"Taja jina, bwana. Watu wa kamba niwatume wapi?"

Tsewang akarudia kuwa ni ule wa kukata kushoto. Yangdzom aliiweka sufuria chini.

"Mwambie ataje," alisema mumewe.

"Miaka tisa nimefunga mdomo ili uende zako."

"Najua, mama Tsewang. Lakini wasipojua alipo, watamwacha kama walivyoniacha mimi."

Yangdzom akabonyeza kitufe. "Mwanangu, sema."

Tsewang akalitaja jina la baba yake, polepole, mara mbili, ili lisikike vizuri. Mkuu akashukuru, akawatuma watu wa kamba.

Mumewe akamalizia chai, akainuka kwa kushika magoti. Yangdzom alimsihi apumzike kidogo, japo mpaka upepo utulie.

"Siwezi," alisema, akifunga vifungo vya koti. "Hawaijui kona ile ila kwa kuniona mimi." Akatoka, akaanza kupanda.