Chumba cha Wageni

Miaka ile Kabiria, pembezoni mwa jiji, ilikuwa bado nusu shamba. Ukishuka basi Riruta ulitembea kati ya mahindi na migomba ya watu, na mvua ikinyesha ulivua viatu ukavibeba mkononi mpaka mlangoni. Hezekiah Sifuna alifika huko mwaka 1960 kutoka upande wa Bungoma, akiwa na cheti cha shule na barua ya mchungaji wake. Alipokewa na Haron Were, seremala ambaye hakuwahi kuonana naye. Were aliisoma ile barua, akairudisha kwenye bahasha, kisha akaanza kusogeza vitu vyake upande mmoja wa chumba.

"Kitanda ni kimoja," alisema. "Mimi nalala upande wa ukuta."

Waliishi hivyo miaka saba.

Jumapili asubuhi walikwenda kanisani, na alasiri wakaenda kwa Mama Peres. Huyu alikuwa mjane wa makamo aliyefanya kazi ya kufua mashuka katika hospitali kuu, na mikono yake ilinukia sabuni hata siku ya mapumziko. Chumba chake kilijaa watu wa kutoka magharibi: wapishi, waashi, yaya, watunza bustani. Walikaa juu ya kitanda, juu ya madebe, wengine chini kwenye mkeka. Waliimba, wakasoma, wakaombeana kazi na afya, kisha chai ya rangi ikapikwa katika sufuria moja. Vikombe vilikuwa sita, kwa hiyo waliotangulia walikunywa upesi ili wenzao wapate. Ulimi uliungua kila Jumapili na hakuna aliyelalamika.

Siku moja Mama Peres alisoma habari za yule kijana tajiri aliyemkimbilia Yesu barabarani, akaambiwa auze mali yake, awape maskini, kisha amfuate. Akaondoka na huzuni kwa sababu mali ilikuwa nyingi. Were akainua mkono.

"Mama, hilo neno linapita juu ya vichwa vyetu. Humu ndani mwenye mali ni nani?"

Watu walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mama Peres naye alicheka, akajifuta macho kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Basi liwekeni," alisema. "Siku moja litamfaa mmoja wenu. Na msisahau kwamba Yesu alimpenda yule kijana. Alimwangalia, akampenda, ndipo akamwambia."

Uhuru ulipokuja, ofisi za mjini zilianza kuwatafuta Waafrika wenye vyeti. Sifuna, aliyekuwa akipanga barua kwenye majalada, alipandishwa cheo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufikia mwaka 1967 alikuwa ofisa mwenye meza yake, simu yake, na mtu wa kumletea chai saa nne. Mwaka huohuo alipewa nyumba kule mtaa wa Jamhuri, karibu na barabara ya Ngong. Ilikuwa na umeme, choo na bafu ndani, sakafu nyekundu ya kung'arishwa, na vyumba vitatu vya kulala. Akamwoa Awiti, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kisumu, mwanamke wa sauti ya chini ambaye hakupenda kuzungushwa na maneno. Akanunua na gari, Volkswagen ya mkono wa pili.

Chumba cha tatu kiliitwa chumba cha wageni. Kilikuwa na mapazia ya maua na kabati lenye kioo, na kitanda chake cha mvule alikitengeneza Were, akakileta kwa mkokoteni siku ya harusi. Sifuna alipenda kukionyesha chumba hicho. Alifungua mlango, watu wakachungulia, akaufunga tena.

Mwaka uliofuata Were alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi wa ghorofa mjini. Uti wa mgongo uliumia, akalala hospitalini miezi saba. Mwanzoni Sifuna alikwenda kumtazama kila Jumamosi, baadaye kila mwisho wa mwezi. Mwishowe madaktari walisema wamefanya yote waliyoweza. Were hangetembea tena, na ilikuwa wakati wa kumpeleka nyumbani.

Jumamosi moja asubuhi Mama Peres alitembea kwa miguu kutoka Kabiria mpaka Jamhuri. Awiti alikuwa amekwenda sokoni. Sifuna alimpikia mgeni chai mwenyewe, akamkaribisha kwenye kochi.

"Jumanne wanamtoa," Mama Peres alisema. "Kule kwetu unakujua wewe mwenyewe. Matope, na choo kiko nyuma ya nyumba, mbali. Hapa kwako kuna choo ndani, na sakafu ni kavu. Sisi tutakuja kwa zamu kumwosha na kumlisha. Hatutakusumbua. Wewe tupe chumba tu."

Sifuna aliutazama mlango wa chumba cha wageni. Mkubwa wake wa kazi alikuwa amealikwa wiki ile. Akilini alimwona Were kitandani pale, beseni chini, watu wa Kabiria wakiingia na kutoka na matope miguuni.

"Mama, mimi ningependa sana," alisema. "Lakini Awiti... unajua mwanamke na nyumba yake. Hawezi kukubali. Ila nitatoa pesa kila mwezi. Za chakula, za dawa, chochote atakachohitaji."

"Pesa hatukukuomba, mwanangu."

"Najua, Mama."

Mama Peres alimaliza chai yake taratibu. Aliinuka, akakipeleka kikombe jikoni akakiosha, kisha akarudi akamshika Sifuna mkono kwa mikono yake miwili.

"Nakupenda," alisema. "Hilo ulijue."

Hakutaka kupelekwa kwa gari. Sifuna alisimama langoni akimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Siku nzima ile hakugusa chakula, na Awiti alipomuuliza ana nini, alisema ni kichwa.

Were alipelekwa kwa Mama Peres. Walitundika shuka katikati ya chumba, akalala upande huu, mwenye nyumba upande ule. Sifuna alituma bahasha kila mwezi kama alivyoahidi, na kila mara ilirudi salamu ya shukrani bila hata tone la lawama. Salamu hizo ndizo zilizomchoma zaidi. Jumapili za Kabiria akaanza kuzikosa. Kwanza kwa kuwa gari lingekwama matopeni, baadaye kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi, mwisho bila sababu yoyote. Akahamia kanisa kubwa la mjini lenye kinanda na viti vya kung'aa. Huko watu walipeana mikono mlangoni wakaagana. Mara nyingi Jumapili alasiri, akiosha gari uani, alijikuta anaimba chinichini sauti ya pili, ile aliyofundishwa na Were, akingoja sauti ya kwanza ianze. Hapo aliukatisha wimbo, akaendelea kusugua.

Mwaka 1972 Awiti alijifungua mtoto wao wa pili, mdogo wake Naliaka, katika hospitali ileile kuu. Siku aliporudi nyumbani hakusema mengi. Alimlaza mtoto, akaja sebuleni, akaketi mkabala na mumewe.

"Baba Naliaka, yule Mama Peres wako wa Kabiria aliniletea uji siku tatu mfululizo."

Sifuna aliweka gazeti chini.

"Jana aliniambia nisiwe na wasiwasi, hajawahi kuniwekea kinyongo. Nikamuuliza, kinyongo cha nini? Akaona aibu, lakini sikumwacha mpaka akaniambia. Kumbe mimi nilikataa Were asiletwe hapa. Nilikataa lini?"

Sifuna aliinama, akalikunja lile gazeti.

"Miaka minne watu wako wananisalimia kwa kuangalia pembeni. Nimedhani ni kwa sababu mimi Mjaluo. Nimejinyamazia." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kitanda alitutengenezea kwa mikono yake. Kimelaliwa na nani mpaka leo?"

"Ndugu yangu alilala. Mara mbili."

"Na yule mkubwa wako?"

"Alikula akaenda."

Kutoka nje ilisikika redio ya jirani.

"Ningekuuliza, ungekubali?" Sifuna alisema hatimaye.

"Sijui. Pengine ningekasirika wiki nzima, halafu ningekubali. Lakini wewe hukunipa hata nafasi ya kukasirika."

Jumamosi iliyofuata Sifuna alikwenda Kabiria peke yake. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamepungua na mabati yameongezeka, akapotea njia mara mbili katika mahali alipoishi miaka saba. Alimkuta Were ameketi mlangoni kwenye kigoda chenye mgongo, miguu imefunikwa blanketi, anachonga mwiko. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Pembeni yake kulikuwa na rundo la miiko na vijiti vya kusukumia chapati, na mama mmoja alikuwa anachagua.

"Hezekiah!" Were aliita kabla hajafika. "Umenenepa!"

Sifuna alingoja yule mama aondoke, kisha akachuchumaa mbele ya rafiki yake.

"Nilidanganya," alisema. "Awiti hakukataa. Hakuulizwa. Ni mimi."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nimelala na wewe kitanda kimoja miaka saba. Wewe ukiogopa kitu, husema ni fulani hataki. Mama Peres ndiye aliyekuamini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja lini nikuambie?" Were alipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye mwiko. Hakuwa na hasira, na Sifuna aliona kwamba hasira ingekuwa rahisi zaidi kuivumilia.

"Nimekuja kukuchukua. Chumba kipo, na Awiti ndiye amenituma. Twende hata leo."

Were alitikisa kichwa. "Chumba nilikihitaji mwaka ule. Usiku nilikuwa nalia kwa baridi, Mama Peres amelala upande wa pili wa shuka anajifanya hasikii ili nisione aibu. Sasa nimezoea. Wateja wangu wako hapa. Watu wakipita wanasimama, tunaongea. Nikija Jamhuri nitaongea na dari."

Sifuna alikuwa amekuja na gari, na shuka la kubebea mtu, na maneno aliyoyapanga njiani, na vyote havikuwa na kazi.

"Lakini kama unatafuta cha kufanya," Were alisema, "kesho ni zamu ya Nzioka kunibeba kwenda kanisani, na Nzioka ana homa."

Jumapili Sifuna alikuja na Awiti na watoto. Gari waliliacha barabarani. Alivua koti akampa mkewe, akainama, Were akamshika shingoni. Alikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia, na jambo hilo lilimuumiza. Walipita kwenye vichochoro vya Kabiria, Sifuna akiteleza na kujishika kwenye kuta za udongo, na Were akimwambia sikioni: hapa anakaa Kilonzo, ana mke mpya, hapa palikuwa na kisima, kimefukiwa, ingia kushoto, siku hizi huku hakupitiki. Jasho lilimtiririka machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Mama Peres alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa. Aliwaona wakija, akaweka mkono mdomoni, kisha akaushusha.

"Inama," alimwambia Sifuna. "Mlango ni mfupi, utamgonga kichwa."

Kuanzia siku hiyo jina lake liliingia kwenye zamu. Alimbeba Were kila ilipofika Jumapili yake, mvua na jua, kwa miaka mitatu. Ofisini walilisikia jambo hilo, wengine wakalicheka. Mwaka 1975 Mama Peres alistaafu, akarudi kwao kijijini. Hapo ndipo Were alipokubali kuhamia Jamhuri, kwa sharti moja: mkutano wa Jumapili alasiri uje naye.

Ukaja. Sakafu nyekundu ilikwaruzwa, mapazia ya maua yakashikwashikwa na watoto wa watu, na majirani wakalalamika juu ya nyimbo. Mwaka uliofuata Sifuna alipewa nafasi ya kuhamia nyumba kubwa zaidi, Lavington, yenye bustani na nyumba ya mtumishi. Usiku ule yeye na Awiti walizungumza sana. Awiti aliitaka, na hakuficha; alikuwa ameshaichagulia mahali pa kupanda waridi. Lakini ilikuwa juu ya ngazi nyingi, na kutoka Kabiria kwa miguu watu wasingefika. Sifuna aliandika barua ya kukataa, na Awiti akaisoma kabla haijafungwa. Wiki nzima hakumsemesha vizuri. Baadaye alipanda waridi mbili kwenye kiwanja kidogo cha Jamhuri, nazo zilishika.

Watoto walimwita Were Baba Mkubwa. Chumba chake hakikufungwa mlango, na mvule wa kitanda ukaanza kuwa mweusi mahali aliposhika kila siku akijiinua.

Kitu kimoja tu Sifuna hakukipata tena. Jumapili alasiri, sebule ikijaa, yeye akiwa chini sakafuni kwa sababu viti vimechukuliwa, watu walipenda kukumbushana mambo ya Kabiria: ile mvua iliyong'oa paa wakati wa maombi, ile siku Nzioka alipomwangusha Were mtaroni wote wawili wakaimba humohumo matopeni, yule mzee mpishi aliyefariki akiomba asomewe Biblia. Mengi yalikuwa ya ile miaka minne ambayo yeye hakuwapo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, au wakanyamaza pamoja, na Sifuna aliwatazama nyuso.

"Huyo mpishi alikuwa nani?" aliuliza siku moja.

Wenzake walimgeukia kwa mshangao, kwa kuwa kila mtu alimjua. Were alijisogeza kwenye mto wake.

"Hukumkuta," alisema. "Ngoja nikueleze." Akaanza polepole tangu mwanzo, jina la mzee na kijiji chake, na wengine wote wakatulia wakamsikiliza tena.