Bakuli la Mama Leo

Mtaani kwetu, hapa Kongowe ya Kibaha, ukiletewa chakula unakula, unaosha chombo cha mwenzako, unakikausha, halafu unasubiri. Unasubiri mpaka siku na wewe umepika kitu cha maana, ndipo unakijaza, unakifunika na kukirudisha kwa mwenyewe. Kukirudisha kitupu ni aibu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, wala mjumbe hatakuita kwa kuivunja, lakini jaribu uone watu watakavyokutazama.

Mimi ni Elinipa. Majirani wananiita Mama Recho. Nashona sare za shule barazani kwangu, na hasira zangu ziko karibu, nagombana hata na vitu. Nimewahi kuitukana chupa ya mafuta ya kula dukani kwa Anselmi, mbele ya wateja, mpaka Anselmi akanisihi nimwonee huruma yeye kwani hata yeye hakuiweka bei ile. Vitu kwangu vina sura. Vinasikia, na vingine vina kiburi.

Basi mafuta yakapanda bei. Tukasema yatashuka. Sukari ikafuata, na mchele ukaona usibaki nyuma. Anselmi akaacha kupima mafuta kwa kikombe cha chai, akaanza kupima kwa kile kidogo cha kahawa. Sokoni fungu la nyanya lilibaki na bei yake ileile, ila likakonda. Nyanya zilipangwa kwa ujanja, katikati pana shimo, ukilibeba fungu lote linaenea kwenye kiganja. Mshahara wa mume wangu Wilfred, ambaye ni karani wa ghala la vigae huko Dar, ulikaa palepale ulipokuwa, umetulia kama mgeni asiyejua kuaga.

Watu hawakuacha kupendana. Waliacha kupelekeana. Na kwa kuwa waliacha kupelekeana, vyombo vikakwama. Sinia langu la bluu lilikuwa kwa jirani yetu, mke wa Hashiru, hotipoti ya mke wa Hashiru ilikuwa kwangu, na kila mmoja wetu alimpita mwenzake bombani akitazama ndoo. Zamani tulikuwa tukikaa pale mpaka maji yanamwagika. Siku hizi kila mtu alikuwa na haraka ya kurudi ndani, wakati ndani kwenyewe hakukuwa na la kufanya.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonikosesha raha ni bakuli la Mama Leo.

Mama Leo jina lake ni Petronila, mjane, mtu wa Mahenge. Tulipanga nyumba moja, ukuta kwa ukuta, kwa miaka mingi. Nilipojifungua Recho, mama yangu alikuwa Same, mgonjwa, hakuweza kuja. Mama Leo ndiye aliyeniogesha, akanikanda, akanipikia uji wa pilipili manga, akamshika mwanangu kabla sijajua namna ya kumshika. Kwa hiyo usinielewe vibaya nikisema ni jirani. Mimi nilimhesabu mama.

Pasaka ya mwisho tuliyokula pamoja aliniletea pilau la nyama kwenye bakuli lake la bati, jeupe, lenye mfuniko na waridi jekundu ubavuni. Muda mfupi baadaye mwenye nyumba akapandisha kodi, Mama Leo akaamua kuhamia Kisarawe kwa mwanawe Leodegar, huyo Leo mwenyewe, anayefanya kazi kwenye ofisi za wilaya. Siku ya kuhama alipita nyumba hadi nyumba kukusanya vyombo vyake. Kwangu alikunywa maji, akanikumbatia, akaenda. Bakuli hakulitaja. Nilidhani amesahau, na niliona vizuri zaidi hivyo, kwa kuwa siku ile sikuwa na cha kulijazia.

Nikajiambia, Jumapili ijayo nitapika pilau nimpelekee. Pilau kwa pilau. Jumapili ikaja, mchele ukawa umepanda. Nikasema basi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja na michango ya shule. Nikasema Krismasi. Krismasi tulikula wali na maharage, na bakuli likiwa juu ya kabati linatutazama. Wilfred aliwahi kusema, kwa upole wake ule unaoudhi, "Mama Recho, si umpelekee tu hivyohivyo? Yule ni mtu wako." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia huko ghalani wanarudishiana vigae, mambo ya vyombo aniachie mimi.

Ndipo zikaanza ndoto za mchana. Cherehani langu lina mlio mmoja mrefu, na mchana, jua likishapita juu ya bati na upepo ukaja kutoka upande wa mashambani, mlio ule unanichukua. Mguu unaendelea kukanyaga, mkono unasukuma kitambaa, lakini mimi sipo. Ninaona barabara yetu imejaa ukungu mweupe, na katikati ya ukungu vyombo vinatembea. Sufuria, masinia, hotipoti, vibakuli vya mboga, vyote vimeachwa wazi, vinakwenda polepole vikigongana ubavu, ting, ting, kila kimoja kinatafuta mlango wake. Vinabisha. Milango haifunguliwi. Mbele ya vyote linakwenda bakuli jeupe lenye waridi, nalo halibishi popote. Linaelekea Kisarawe, linapanda vilima vya Pugu peke yake, na ndani yake limejaa mwanga tu, mwanga wa asubuhi, unamwagika kila linapoyumba. Mimi nalifuata nikipiga kelele lisimwage. Hapo nashtuka, nakuta nimeshona mkono wa shati ukazibika kabisa, hakuna mtoto angeweza kuupitisha mkono wake mle.

Siku moja nikiwa kwenye usingizi huo huo nikasikia, "Hodi, Mama Recho." Niliijua sauti kabla sijafumbua macho. Mama Leo alikuwa getini, na khanga yake ya kanisani, amekuja kwenye misa ya mazishi ya mtu wa jumuiya yao ya zamani, akapitia kunisalimu. Na bakuli, siku hiyo, lilikuwa mezani, nimetoka kulifuta vumbi.

Nilifanya nini? Nilikimbia ndani nikalitupia kitenge. Halafu nikatoka nikicheka kicheko cha uongo.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema? Nimekuamsha?"

"Hapana, mama. Karibu, karibu sana."

Aliingia, akakaa. Nilimpa chai ya rangi, nikamwambia siku hizi tumeacha sukari kwa ushauri wa daktari. Alisema daktari huyo amefika na Kisarawe pia, kwao nako wote wameshauriwa. Tulicheka. Kwa muda mfupi tulikuwa sisi wa zamani. Kisha nikaona macho yake yametulia mezani, nikageuka, na kitenge kilikuwa kimeteleza. Ubavu wa bakuli ulikuwa nje, na waridi lote, jekundu, likituangalia.

Aliyarudisha macho kwenye chai. Na mimi, mwenye mdomo wa kutukana chupa, nikainamia kikombe changu. Alimaliza chai yake, akambusu Recho kwenye paji la uso, akaaga. Baada ya siku hiyo simu zake zikapungua, halafu zikakoma. Hakuja tena. Nilimwelewa. Nilijiambia, ameona nimelikalia bakuli lake na kulificha kama mwizi. Nilijichukia, na bakuli nalo nikalichukia, nikalisukumia chini ya kitanda. Hata huko nililisikia.

Mwaka ukageuka. Siku moja Leodegar akampigia Wilfred, akasema mama yake anarudi Mahenge, Jumamosi asubuhi anaondoka. Wilfred aliniambia akiwa bado anavua viatu.

"Anarudi kwa nini? Si yuko na mwanawe?"

"Leo anasema mama mwenyewe ndiye ameamua. Amesema huko kwao mchele wanalima, hawanunui. Anaona anawapunguzia watoto sahani."

Niliketi. Mahenge si Kisarawe. Kisarawe nilikuwa najidanganya kwamba nitakwenda Jumapili yoyote. Akifika Mahenge, na umri ule, na nauli hizi, nani angeniambia nitamwona tena? Atakufa akijua nilimfichia bakuli. Nililia, sioni haya kusema. Wilfred alitaka kwenda kukopa nyama. Nikamkataza, kwa sababu buchani tulikuwa tumeshakopa.

Ijumaa nikafungua kila kilichokuwa jikoni. Kulikuwa na mahindi yaliyotoka kwa mama yangu Same, yamekobolewa, na maharage. Basi. Hayo ni makande, chakula chetu cha siku zote, chakula cha kulia ndani mlango umefungwa. Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kurudisha chombo cha pilau la nyama kwa makande. Niliyapika usiku kucha nikiyagombeza. Niliyaambia mwive vizuri, msiniaibishe zaidi ya hapo. Nikayatia kitunguu na nusu ya nazi, alfajiri nikayajaza yakichemka kwenye bakuli, nikalifunga kwa kile kitenge changu cha siku ile.

Nilifika Kisarawe bado mapema. Ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye vilima, na nikipita kwenye njia ya kuelekea kwa Leodegar, mikono yangu ikiwa imelikumbatia bakuli lenye moto, sikuwa na hakika kama niko macho. Nilisikiliza kama nyuma yangu kuna vyombo vinavyogongana. Hakukuwa na kitu, jogoo tu.

Mama Leo alikuwa amekaa kibarazani, amevaa za safari, mizigo imefungwa pembeni yake. Aliniona. Akaliona na bakuli. Sikuweza hata kumwamkia. Nililiweka miguuni pake, nikapiga magoti palepale.

"Mama, nisamehe. Nimechelewa. Na nimekuletea makande tu."

Alifungua kitenge, akafunua mfuniko. Mvuke ukampanda usoni. Hakuomba kijiko. Alichota kwa vidole, akala, akafumba macho, akachota tena.

"Shikamoo iko wapi?" akaniuliza, mdomo umejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa niambie. Hiki ndicho kilichokufanya usije mwaka mzima?"

"Nilitaka nilete pilau. Ulileta pilau la nyama."

"Na mimi nikaona siku ile umelifunika kitenge. Nikajua ukiniona mimi, unaliona bakuli. Nikasema, basi nisimwendee tena mwanangu, namtia aibu nyumbani kwake." Aliweka mkono kichwani pangu, kama alivyokuwa akimwekea Recho. "Kila Jumapili Leo ananiambia, mama, mpigie. Namwambia, mwache, atafikiri nadai."

Nilitaka kucheka, nikalia. Mwaka mzima! Mwaka mzima mimi kule nimelificha chini ya kitanda, yeye huku amejinyima safari, na wote wawili kwa heshima.

Leodegar alitoka na begi kubwa, akasema gari la kumpeleka mama kupanda basi limekaribia. Mama Leo akaamka bila haraka. Aliyamimina makande yote kwenye kopo lake la safari, akalibana mfuniko. Akaliosha bakuli kwenye ndoo ya nje, akalikausha kwa upindo wa khanga yake, akaingia ndani. Alipotoka, bakuli lilikuwa na vipande viwili vya muhogo mbichi, mweupe, umetoka kumenywa. Akanipa.

"Mama, bakuli ni lako. Nimekuja kulirudisha."

"Najua ni langu. Siku ile nahama nilipita nyumba zote kukusanya vyombo. Kwako bakuli sikulitaja. Unafikiri nilisahau?"

Nikamtazama.

"Ningelichukua siku ile, tungekuwa tumemalizana," akasema. "Mimi na wewe tumalizane? Liweke. Utaniletea."

"Mahenge?"

"Kwani mimi nitakuwa wapi?"

Gari likafika. Alinishika uso kwa mikono yake miwili, mikono iliyokuwa bado na harufu ya nazi, halafu akapanda. Nilisimama na bakuli mpaka vumbi likatua na ukungu ukaondoka, na vilima vyote vikawa vinaonekana.

Nilipofika Kongowe niliitoa hotipoti ya mke wa Hashiru, nikatia makande yaliyobaki sufuriani, nikampelekea kabla ujasiri haujaniisha. Alifungua, akayatazama, akaketi kizingitini. "Na mimi nilikuwa nasubiri nipate samaki," akasema. Jioni sinia langu la bluu lilirudi likiwa na mchicha.

Bakuli la Mama Leo liko mezani sasa, wazi, waridi likiwa upande wa mlango ili kila anayeingia alione. Jana Recho aliniuliza kama Mahenge ni mbali. Nikamwambia ni mbali sana, unapita mto mkubwa na milima. Akauliza, tutaenda lini? Zamani ningemjibu, mchele ukishuka.

"Bibi yako wa Same akituletea mahindi mengine," nikamwambia.