Mlezi Pekee

Kitanda kililia. Ulikuwa mkwaruzo mfupi, ukakatika, ukarudi tena, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Nesi aliusikia kabla hajafumbua macho. Alikuwa amesinzia na shavu juu ya meza, kando ya kompyuta, na asubuhi ilikuwa imeshaingia ndani bila kukaribishwa.

"Nakuja, mama."

Mama alikuwa amejaribu kujigeuza mwenyewe, akakwama katikati. Bega limekwenda, nyonga imebaki. Nesi akapandisha goti moja kitandani, akashika shuka dogo lililotandikwa chini ya kiuno cha mama, akavuta shuka, si mwili. Mwili haukokotwi, ngozi ya mzee huchanika kama karatasi iliyolowa. Akamwegemeza mama kifuani pake, akasikia uti wa mgongo wake mwenyewe ukilalamika, akasogeza mto mmoja mgongoni na mwingine katikati ya magoti. Kisha akainama akavikagua visigino vya mama kwa karibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Vilikuwa safi. Mama alisharudi usingizini.

Vitabu alivyosomea vilisema kazi hiyo ni ya watu wawili. Kwenye picha za vitabu hivyo, wauguzi wawili husimama wakitazamana, mgonjwa katikati, wote wanatabasamu. Hakuna kitabu kilichomwambia la kufanya yule aliye mmoja. Swali hilo ndilo lililojaa kwenye kompyuta pale mezani: mtu mmoja, nyumbani, bila vifaa, amgeuze vipi mgonjwa asiyejiweza ili asiote vidonda, na yeye mwenyewe asivunjike mgongo? Alitaka kupita nyumba kwa nyumba kwa walezi wa namna yake, awatazame mikono, aulize, apime, aandike. Kwa hilo alihitaji ruzuku ya utafiti.

Na ruzuku haziokotwi. Mfuko mmoja ulitaka madaktari tu. Mwingine ulitaka ombi lipitie chuo. Chuo kikamjibu kwamba kinamkumbuka vizuri sana, kikamtakia kila la heri. Wa tatu ulikuwa na pesa za kumwaga kwa ajili ya magonjwa yenye majina makubwa, na kulala kitandani hakuna jina kubwa. Alisoma masharti hadi macho yakawasha, huku uji wa mama ukipoa. Ndipo akaupata mfuko mdogo, wa wauguzi, uliokuwa kama umekatwa na kushonwa kwa kipimo chake. Andiko likakamilika. Bajeti ikakubali. Kibali cha maadili kikaja.

Kilibaki kifungu kimoja. Aliyekaa nje ya kazi muda mrefu hapokelewi, isipokuwa kama alikuwa mlezi pekee wa mgonjwa wa familia yake, na mtu mzima mwingine wa familia hiyo athibitishe kwa sahihi.

Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa jioni ile. Na mtu mzima mwingine wa familia hiyo alikuwa mmoja tu, kaka yake.

Nyumbani aliitwa Chifu. Mama ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alianza kutoa amri kabla hajajua kutembea vizuri. Sasa alikuwa anauza vigae vya sakafu mji wa pili, na kila mwisho wa mwezi alituma pesa, na kila alipotuma alihakikisha ukoo mzima umejua. Kwenye harusi moja Nesi alimsikia akimwambia mjomba wao, "Mama niko naye mimi, hana shida." Nesi alikuwa amebeba sinia la vikombe. Akapita nalo.

Kwa wiki kadhaa Chifu alikuwa anasema "nitapita, nitapita". Leo honi ililia kweli nje ya lango, kabla ya mchana.

Hakushuka. Gari lilikuwa linanguruma, vigae vimepangwa nyuma hadi matairi yamekaa chini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Lete hiyo karatasi. Kuna fundi amekaa juu ya ndoo huko, ananitukana mpaka babu zangu."

Nesi alikuwa amejiandaa. Wiki zote hizo, akichemsha maji, akifua mashuka, alikuwa anapanga maneno: akisema hivi nitamjibu vile. Chifu akaiweka karatasi juu ya usukani, akatia sahihi yake kubwa yenye mkia, ileile anayowatilia wateja wa vigae, akamrudishia.

"Haya. Mama mzima?"

"Mzima."

"Msalimie."

Karatasi ilikuwa mkononi. Kilichobaki ni kusema ahsante na kufunga lango. Gari lilishaanza kurudi nyuma.

"Hujaisoma," Nesi alisema.

"Nisome nini? Msomi wa familia ni wewe."

"Soma, kaka."

"Wewe nawe! Fundi..."

"Soma, au nakurudishia sahihi yako."

Alijua anachokifanya. Chifu akisoma anaweza kuichana, na akiichana hakuna mwingine wa kumwendea, na jioni haiko mbali. Lakini mkono wake ulikataa kuipokea sahihi ya namna ile. Miaka yote Chifu alikuwa ameipitia nyumba hii vivyo hivyo, kioo cha gari kikiwa nusu wazi.

Chifu akaichukua tena karatasi, akasoma, midomo ikicheza. Akazima gari.

"'Amemtunza mama yetu peke yake, bila msaada wa mikono ya mtu mwingine wa familia.' Nani kaandika hivi?"

"Mimi."

"Na mimi ni nani hapa? Mpangaji? Dawa nani ananunua?"

"Wewe."

"Godoro?"

"Wewe."

"Basi hiyo 'peke yake' imetoka wapi?"

"Godoro halimgeuzi mtu, kaka."

Chifu akashuka, akaubamiza mlango. "Futa. Andika 'kwa kushirikiana na kaka yake'. Tatizo liko wapi?"

"Nikiandika hivyo hawanipokei. Na si kweli."

"Kwa hiyo jina langu ndilo mtaji wako. Watu wasome kwamba mtoto wa kiume kamtupa mama yake!"

"Watasoma watu watatu ofisini. Hawakujui."

"Mimi najijua!"

Ilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, kila mkono upande wake, na Nesi akayatazama yale maganja mapana, meupe kwa vumbi la vigae, akasubiri.

"Chifu!" sauti ya mama ikaita kutoka ndani.

Chifu aliinua kichwa kama mwanafunzi aliyetajwa darasani. Hasira ikamtoka usoni. "Amejuaje kama nimekuja?"

Nesi alikuwa ameshageuka kuelekea ndani. Chifu akavua viatu mlangoni, akamfuata na karatasi yake.

Mama alikuwa macho. Hakumtazama mwanamume aliyesimama kizingitini. Alimtazama Nesi, uso umechangamka.

"Chifu wangu. Mgongo."

"Naam, mama," Nesi akaitika, na sauti yake ikashuka chini kidogo, kwa mazoea tu, kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani.

Chifu akanong'ona, "Anakuita wewe?"

"Tangu kiharusi cha pili."

"Na wewe unaitika tu? Kwa nini humwambii ni wewe?"

"Nilimwambia. Akalia. Akauliza, basi Chifu yuko wapi." Nesi alikuwa anaondoa mto mgongoni mwa mama. "Sikuwa na jibu, kaka. Nikaona afadhali niitike."

Chifu akajaribu kucheka. "Basi mlezi ni mimi. Mgonjwa mwenyewe shahidi." Mzaha ukaanguka sakafuni, hakuna aliyeinama kuuokota.

"Pita upande ule," Nesi alisema. "Ushike."

Chifu akaiweka karatasi miguuni mwa kitanda. Akamshika mama mkono, akavuta.

"Si mkono! Utamchomoa bega. Shuka. Shika shuka, karibu na mwili. Unapakua vigae?"

"Si uniambie mapema!"

"Nikisema tatu. Usitangulie."

Alihesabu. Akakaza tumbo, akauweka mgongo tayari, akavuta kama alivyovuta maelfu ya mara, na uzito haukuja. Nusu yake tu ndiyo iliyokuja. Kwa zile nguvu zilizokosa kazi, Nesi alipepesuka nyuma, bega likagonga ukuta. Mama alikuwa ameshageuka, taratibu, bila hata kuguna.

"Umeumia?" Chifu akauliza.

"Hapana." Alibaki ameuegemea ukuta, akiitazama mikono yake kama vitu vya kuazima. "Hapana, kaka. Niko sawa."

Chifu aliangalia visigino vya mama, akavifunika kwa shuka. Akaiokota karatasi. Ilikuwa imekunjika pembeni. Akailaza juu ya paja, akainyoosha kwa ganja, mara mbili, akampa dada yake.

Sebuleni Nesi akaipiga picha kwa simu, akaipakia. Kiduara kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka. Ombi lako limepokelewa. Chifu alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, ananuka vumbi na jasho.

"Wakikupa," alisema, "unafanyia wapi hiyo kazi?"

"Barabarani. Nyumba kwa nyumba. Siku nyingi sitakuwa hapa."

"Na mama?"

"Wameuliza hilo pia. Kuna sehemu ya hatari na namna ya kuzikabili."

"Ukaandika nini?"

"Kwamba familia itapanga."

"Familia gani?"

Nesi akamgeukia, akamtazama. Simu ya Chifu ikaanza kutetemeka mfukoni. Bila shaka ni yule fundi wa kwenye ndoo. Akaiacha itetemeke mpaka ikachoka.

"Chifu," mama akaita tena, kwa sauti ya mtu anayekaribia kulala. "Kesho utanigeuza?"

Nesi alifungua mdomo. Sauti ile ya chini ilikuwa tayari kooni, imeshapata umbo. Akaufunga mdomo. Akaiweka mikono yake miwili mapajani, akautazama mlango wa chumba, na nyumba nzima ikakaa kimya kikubwa ambacho hakuwahi kukiruhusu kuingia humo.

Simu ikaanza tena. Chifu akaizima. Akatembea bila viatu hadi kizingitini, akashika fremu ya mlango, akakohoa.

"Nitakugeuza, mama," alisema. "Kesho asubuhi. Nitakuja mwenyewe."